Tanga la Mkwe

Vilikuwa vidole.

Juma lililopita tulimwacha Ezron, fundi wa injini, amelala kifudifudi juu ya mbao za chombo, mkono wake umezama hadi begani ndani ya ngama, lile tumbo la chini ambamo maji machafu hukusanyika. Alikuwa anatafuta kilichoziba bomba la maji ya kupoza injini. Badala yake alishika kitu laini chenye vidole. Baadhi yenu mmeniapia kwamba ni maiti. Kama unasoma huku unakula, sogeza sahani kwanza.

Ezron alivuta. Kile kitu kilikataa, kisha kikaachia, kikatoka kwa sauti ya mguu unaochomoka kwenye matope. Vidole vitano, kucha, na ngozi iliyoanza kuchubuka.

Ulikuwa mguu wa mbele wa mamba.

Heri ingekuwa maiti. Maiti ingefunikwa, ikazikwa, ikasomewa. Uchafu huu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi kwenye usukani anatafuna karanga.

Nyuma ya mguu yalifuata mafuta ya njano yaliyoganda, kisha ngozi nzima, kisha nyingine, zimekunjwa na kusukumwa chini ya mbao mbele hadi nyuma. Zilikuwa zimepakwa chumvi ya Ivuna kidogo tu, ya kudanganyia. Uvundo ulipanda ukamwingia Ezron puani na kooni. Alitoa kichwa nje ya ubavu wa chombo, akatapika mpaka tumbo likabaki halina la kutoa.

"Taratibu, mukwai," alisema Osward. "Hiyo ni mali. Usiitapikie."

Osward ndiye aliyekuwa nahodha na mwenye chombo. Alikaa miaka migodini Rhodesia ya Kaskazini, akarudi na neno hilo la heshima la Wabemba, na alilitumia kwa watu aliowadharau.

"Umezipata wapi?"

"Ziwani."

"Una kibali cha bwana nyama?"

"Wewe ni fundi wa injini au karani wa boma?"

Ezron alijifuta mdomo kwa kiwiko, maana viganja vyake hakutaka hata kuvitazama. Sasa alijua kwa nini injini ilichemka mpaka ikafuka mvuke katikati ya ziwa Rukwa. Yale mafuta ya mamba yalikuwa yameingia kwenye bomba, yakaganda humo. Injini ilikuwa imekunywa uozo badala ya maji.

Na huko ng'ambo, kwenye mdomo wa mto Momba, mke wake Tumpe alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na mtoto alikataa kutoka. Osward alimletea Ezron habari hiyo asubuhi ya siku ile. Daktari wa karibu alikuwa daktari wa mgodini, upande wa Mkwajuni walikotoka. Kazi ilikuwa moja: kufika Momba, kumpakia Tumpe, na kumrudisha kwa daktari angali na pumzi.

Mtauliza, chombo si kilikuwa na tanga? Kilikuwa nalo. Mlingoti mmoja, tanga moja, na injini chini ya mbao. Ni chombo cha kupita kandokando ya ziwa, kijiji hata kijiji, upepo ukikubali kwa tanga na ukikataa kwa injini.

Lakini siku ile tanga halikuwa mlingotini. Lilikuwa limetandazwa katikati ya chombo, limefungwa huku na huku, limekigawa chombo vipande viwili kama pazia la nyumba. Nyuma ya pazia hilo aliketi Mama Ruti, mama yake Tumpe, na kuku wake kwenye tenga.

Ezron alikuwa Mnamwanga aliyelelewa akaleleka. Kwao mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni, hamsemeshi, hali mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Hukaa hivyo mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na mama yule ampikie mkwewe kwa mkono wake. Kwa hiyo asubuhi ile, kabla Mama Ruti hajakanyaga chombo, Ezron mwenyewe alilishusha tanga na kulifanya pazia. Injini ipo, alijiambia. Heshima kwanza.

Bomba alilizibua kwa waya, akitema mate kila alichokitoa. Kisha akaifungua pampu, na hapo moyo ukamshuka. Ndani ya pampu ile mna kikombe kidogo cha ngozi kinachosukuma maji. Pampu ilikuwa imekwenda kavu muda mrefu, na kikombe kilikuwa kimeungua, kimepasuka vipande.

"Nataka ngozi," alisema.

Osward alicheka mpaka karanga zikamtoka mdomoni. "Umekalia ngozi, mukwai. Chagua."

Ezron alikata kipande cha ngozi ya mamba, akakijaribu. Kiliteleza, kikavurugika, kikatoka upande wa pili kama uji. Aliichukia ile harufu iliyokuwa imeingia chini ya kucha zake. Alimchukia na mtu aliyeileta.

"Ngozi iliyotengenezwa. Mkanda wako."

"Wangu wa turubai."

Ezron mwenyewe alikuwa peku. Makubadhi ya Osward yalikuwa ya tairi. Ezron alitazama huku na huku, kisha akasikia nyuma ya pazia kisigino kikigonga ubao, ko, ko, mguu wa mtu mwenye wasiwasi. Viatu vya ngozi, vya kwendea kanisani.

Mkwe kuomba kiatu cha mama wa mke wake. Hata kulifikiria jambo lile kulimchoma uso.

"Nenda kwake," alimwambia Osward kwa sauti ya chini. "Mwambie kwa adabu. Nahitaji ulimi wa kiatu chake kimoja kwa ajili ya pampu. Mwambie ni kwa ajili ya Tumpe."

Osward aliinua pindo la tanga, akaingia. Minong'ono ilisikika. Akatoka anatikisa kichwa, akamnong'oneza Ezron sikioni.

"Anasema viatu vyake si vya mkwe kuvivua. Anauliza umeingiwa na wazimu gani."

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka mashariki, upepo mzuri wa kuwapeleka moja kwa moja Momba, na ulikuwa unalitikisa lile pazia bure.

"Basi mwambie tunataka tanga. Ajifunike shuka kichwani, nami nitampa mgongo. Simwangalii," Ezron alinong'ona.

Osward aliingia tena. Safari hii alikaa kidogo. Alipotoka alikuwa amekunja uso wa huruma, akanong'ona tena.

"Anasema siku utakayomfunua ndiyo siku atakayojitupa majini. Nami namwamini. Wanawake wa zamani hawa."

Ezron aliketi juu ya sanduku la spana. Binti yake anakufa, aliwaza, na yeye anahesabu heshima. Kwa mara ya kwanza maishani alimwona mama mkwe wake kuwa kitu cha kutia kinyaa, na wazo hilo lenyewe likamtia kinyaa zaidi. Lakini hakuinuka. Alikuwa amefundwa, na mtu aliyefundwa akiambiwa mkwe amekataa, amekataa.

Nanyi mnaosaga meno huku, msimcheke. Na nyinyi mna zenu.

Chombo kilianza kusogea chenyewe kuelekea kwenye matete. Kiboko mmoja aliibuka, akapuliza maji, akazama. Ezron aliinua macho na kuona kwamba chombo hakikuwa kinasogea chenyewe hata kidogo. Osward alikuwa anakipindisha polepole kwa usukani, na macho yake yalikuwa juu ya uzi wa moshi uliopanda nyuma ya matete.

"Nani anawasha moto kule?"

"Wavuvi."

"Wavuvi hawakai kwenye viboko."

"Basi malaika. Tengeneza injini yako."

Ndipo nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikasikika. Haikumsemesha Ezron. Ingekuwa mwiko. Haikumsemesha Osward pia.

"Kuku wangu," alisema Mama Ruti, "wewe umesikia niliyosikia mimi? Mkwe wangu ana mke anayekufa, naye amekaa anapumzika."

Ezron aligutuka. Osward aliacha kutafuna.

"Kuku, mimi nilitoa viatu vyote viwili. Nikavisukuma chini ya tanga. Huyo nahodha akavirudisha kwa mguu, akasema fundi anasema vinanuka uzee. Nikasema, basi shusheni tanga, mimi nitajifunika. Akasema fundi anasema nikae kimya kama mzigo, mizigo haisemi. Kuku wangu, ndivyo tulivyomwozesha Tumpe kwa mtu wa namna hiyo?"

Ezron alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Kisha akageukia injini iliyokufa mbele yake.

"Wewe injini," alisema, "mimi sikusema hivyo. Niliomba ulimi wa kiatu kwa adabu. Nikaambiwa mama amekataa. Nikaomba tanga, nikaambiwa atajitupa majini."

Kuku alipapatika ndani ya tenga.

"Kuku," sauti ilisema polepole, "mwulize huyo injini jambo lingine. Jumapili nilipotoka kanisani Osward alinipa habari ya Tumpe. Nikamwambia twende leo hii. Akasema fundi amesema tungoje siku mbili tatu, ana kazi zake. Injini inasemaje?"

Ezron alihesabu siku kwa vidole. Leo ilikuwa Jumatano.

"Injini," alisema, "mimi nimeambiwa leo asubuhi."

Aligeuka akamtazama Osward. Mtu yule hakuwa hata ameona haya. Alitema ganda la karanga majini.

"Ningeondokaje Jumapili? Wawindaji walikuwa bado wananiletea ngozi. Wanunuzi wangu wananingoja pale kwenye moshi. Ngozi ingeoza."

"Imeoza."

"Siyo yote."

"Mke wangu ana uchungu tangu Jumapili."

"Mukwai, mwanamke huzaa tu, hata akicheleweshwa. Ngozi ikiharibika imeharibika."

Ezron alikuwa ameshika uozo wa mamba kwa mikono yake mitupu, lakini hapakuwa na kitu kilichomchafua siku ile kama maneno hayo. Alitamani kuyaosha masikio yake. Na alijiona na yeye mchafu, maana ni yeye aliyemweka mtu huyu katikati, akamwita mjumbe, akaiamini kila kauli yake kwa sababu adabu ilimwambia aamini.

"Injini," alisema, "mwombe mama anisamehe. Tanga lazima lishuke."

"Kuku," alijibu Mama Ruti, "mficha uchi hazai."

Hakumngoja. Mafundo yalifunguliwa kutoka upande wake, moja, halafu la pili, na pazia likaanguka lote juu ya mbao.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, peku, shuka limemfunika kichwa na nusu ya uso. Ezron alitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Mama Ruti alitazama maji. Viatu viliteleza juu ya mbao vikamgonga Ezron kwenye goti, na nyuma yake ikafuata chupa ya mafuta ya nyonyo, yale aliyokuwa amemchukulia mjukuu wake.

"Kuku," alisema, "ngozi kavu hulainishwa kwa mafuta. Hata mimi najua."

Ezron alikata ulimi wa kiatu, akaukata mviringo, akauloweka katika mafuta ya mtoto ambaye hajazaliwa, akaukunja ndani ya pampu. Osward alisimama kuja kuzuia. Ezron alimwonyesha spana kubwa, naye akarudi kuketi.

Tanga lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Ezron aliivuta kamba, ikakwama. Alivuta tena. Kisha kamba ikawa nyepesi ghafla, akajua pana mikono mingine nyuma yake. Mkwe na mama mkwe kwenye kamba moja. Kama wazee wao wangeona, wangetaka mbuzi wa kutakasa. Hakuna aliyegeuka. Walivuta mpaka tanga likafika juu, likajaa upepo, chombo kikaruka.

Akatia hendeli, akazungusha. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Akazungusha tena. Ikashika. Kwenye ubavu wa chombo bomba likaanza kutema maji, kwanza machafu ya njano, kisha meupe.

"Kuku," Mama Ruti alisema, na mara hii kulikuwa na kicheko kidogo ndani yake, "viatu vyangu vinapiga kazi."

"Elekeza Momba," Ezron alimwambia Osward. "Ukiupinda usukani tena nitakushusha kwenye matete na viboko wako."

Osward alielekeza. Moshi ulibaki nyuma yao, ukawa mwembamba, ukapotea. Hakusema kitu njia yote. Ukimya wa mtu wa namna ile ni wa kuchunga.

Walizunguka ncha ya mchanga na pwani ya Momba ikafunguka mbele yao. Palikuwa na watu.

Ezron alikinga jua kwa kiganja. Wanawake walikuwa wanashuka kutoka kijijini kuelekea majini, na katikati yao walibeba machela. Juu ya machela palikuwa na mtu aliyefunikwa shuka jeupe tangu miguuni mpaka usoni.

Shuka la usoni. Alishika mlingoti.

"Mama," alisema. Alisahau injini, alisahau kuku. "Mama, wamemfunika."

Mama Ruti alisimama kando yake, akatazama pwani kwa macho madogo.

"Wanakimbia," alisema. "Tazama miguu yao. Maiti haikimbizwi. Wamemkinga jua."

Kweli walikuwa wanakimbia. Mbele yao, maji yakimfika kiunoni, mkunga Elina alikuwa tayari anawapungia mkono na sauti yake ilivuka maji.

"Msifunge kamba. Geuzeni chombo hapo hapo. Mtoto amekaa kipingapinga, hapa sina la kufanya. Apelekwe kwa daktari sasa hivi."

Ezron aligeuka kutazama pa kumlaza. Hapakuwepo. Mbao alizozifungua zilikuwa zimekaa ubavuni, na tumbo lote la chombo lilikuwa limejaa ngozi zinazovuja maji ya kijani, nzi wamezisimamia kama wenye shamba. Kumlaza mwanamke anayezaa juu ya uozo ule ilikuwa ni kumwua mara mbili. Akainama, akakumbatia ngozi ya kwanza, ute wake ukamtiririkia kifuani, akaitupa ziwani. Akaitupa ya pili.

"Iache hiyo ya tatu."

Sauti ya Osward ilitoka chini, karibu na injini. Alikuwa ameuacha usukani. Alikuwa amepiga magoti, na mkononi alikuwa na kisu chake cha kuchunia, kifupi, kilichopinda. Makali yake yalikuwa yamelala juu ya bomba la petroli.

"Ukitupa nyingine nakata," alisema kwa upole. "Na upepo huu uliokuleta ndio utakaokuzuia kurudi. Kwa tanga hufiki Mkwajuni leo wala kesho. Sasa chagua, mukwai. Zipakuliwe kwa utaratibu, zianikwe, zihesabiwe. Mkeo atangoja. Amekwisha kuzoea."

Machela ilikuwa imeingia majini. Ezron alimsikia Tumpe akiita jina lake chini ya shuka, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulia. Alisimama na ngozi ya tatu mikononi, inamdondokea miguuni, hawezi kuitupa na hawezi kuishika.

Kisha akainua macho.

Nyuma ya Osward alisimama Mama Ruti. Shuka lilikuwa limemwanguka kutoka kichwani na hakuliokota. Yule mama ambaye hakuwahi kumtazama mkwewe usoni alimtazama Ezron moja kwa moja, jicho kwa jicho, akangoja kibali chake. Mikononi alikuwa ameinua hendeli ya chuma ya kuwashia injini.

Ezron akaitikia kwa kichwa.